Mapitio: Edinburgh Etch, dawa ya kula mabamba kwa karakana ya chapa yenye watu wengi

Wasanii wanapokusanyika kuanzisha karakana ya chapa, mazungumzo huanza na mashine: itatoka wapi, italetwa kwa gari gani, sakafu itaimudu au la. Dawa ya kula mabamba, ile inayochimba mistari iliyochorwa kwenye bamba la metali ili ishike wino, hukumbukwa mwishoni, na mara nyingi uamuzi huachiwa yule aliyefundishwa kutumia asidi ya nitriki chuoni. Si njia nzuri ya kuamua. Mashine inatumiwa na mtu mmoja kwa zamu yake, lakini mvuke wa beseni la asidi unavutwa na kila aliyemo chumbani, hata aliyekuja tu kuchonga lino, shiti laini isiyohitaji asidi.

Mapitio haya yanahusu dawa moja, Edinburgh Etch. Ni mchanganyiko wa feriki kloraidi na asidi ya sitriki uliobuniwa na Friedhard Kiekeben mwaka 1997 katika karakana ya Edinburgh Printmakers, Uskoti. Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 1967 ikiwa ya kwanza Uingereza kuwa wazi kwa msanii yeyote: unajiunga, unatumia mashine na mabeseni ya pamoja, unaondoka na chapa zako. Tangu 2019 iko Castle Mills, mtaa wa Fountainbridge, katika jengo la kiwanda cha zamani cha North British Rubber Company, kampuni iliyotengeneza mabuti ya mpira ya askari wa mahandaki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Naitaja historia hiyo kwa sababu dawa hii haikutoka kwenye maabara ya kampuni ya kemikali. Ilitoka kwenye chumba ambamo mgeni wa wiki ya kwanza na fundi wa miaka 20 wanatumia beseni moja, na ukiitumia unaliona hilo.

Hukumu yangu niitoe mapema. Kwa karakana ya pamoja inayotumia mabamba ya shaba nyekundu, sijui dawa inayoizidi hii. Inakula mstari kwa unadhifu, haitoi moshi wa kahawia wa nitriki, na viungo vyake ni kemikali za kawaida za viwandani na maabara. Ina kasoro tatu ambazo walimu wengi huzipitia mbiombio: bamba halionekani likiwa ndani, chuma chochote kilicho karibu kinaharibika, na kuitupa ni kazi kubwa kuliko kuitumia.

Ili kuelewa kwa nini sitriki imo, lazima kwanza kuijua feriki ikiwa peke yake. Feriki kloraidi ni chumvi ya chuma. Ikigusa shaba, inaigeuza shaba kuwa kloraidi inayoyeyuka, nayo yenyewe inashuka daraja kuwa feraso kloraidi. Hakuna viputo, hakuna moshi. Shida ni mashapo: kadiri kazi inavyoendelea, uchafu wa kutu unatuama ndani ya mistari iliyokwisha kufunguka na kuiziba, hivyo mstari unakulika kwa vipande vipande na akwatinti, yaani vivuli vinavyojengwa kwa chembe ndogo badala ya mistari, inatoka na mabaka. Ndiyo maana wachapaji wa zamani waliotumia feriki walilaza bamba kifudifudi juu ya vigingi, au walilisimamisha kwenye tangi la wima, ili mashapo yadondoke. Asidi ya sitriki inaushika ule uchafu wa chuma na kuufanya uendelee kuyeyuka badala ya kutuama. Matokeo yake, bamba linaweza kulala chali kwenye beseni la kawaida, mistari inabaki wazi hadi chini, na kazi inakwenda kasi zaidi kuliko feriki tupu. Kwa karakana isiyoweza kununua tangi la wima lenye pampu ya hewa, faida hiyo peke yake inatosha.

Nitriki inatofautiana na hii kwa mengi. Inapokula shaba hutoa naitrojeni dioksaidi, gesi inayojeruhi mapafu na ambayo madhara yake huweza kuonekana saa kadhaa baada ya mtu kurudi nyumbani. Hutoa pia viputo vinavyokaa juu ya mstari, na lazima mtu asimame kuvifagia kwa unyoya muda wote. Tena huula mstari ubavuni, kwa hiyo mistari miwili iliyokaribiana huungana. Edinburgh Etch huenda chini zaidi kuliko pembeni. Mchoro wa mistari mingi ya kupishana, ule unaojenga kivuli, ndipo tofauti hiyo huonekana wazi kabisa.

Sasa vipimo. Kwa beseni la lita 10 unahitaji lita 8 za feriki kloraidi ya asilimia 40 na lita 2 za maji ya sitriki. Maji ya sitriki hutengenezwa kwa sehemu 3 za maji ya moto na sehemu 1 ya unga wa asidi ya sitriki, kwa ujazo. Yaani lita 1.5 za maji na nusu lita ya unga. Koroga mpaka usione hata chembe moja. Unga usioyeyuka utashuka chini ya beseni na kuganda, na utapata dawa dhaifu juu na tabaka gumu chini. Kisha mimina maji ya sitriki ndani ya feriki polepole huku ukikoroga kwa mwiko wa plastiki. Mti unafaa pia, chuma hakifai kabisa.

Feriki yenyewe huuzwa kwa sura tatu, na hapa ndipo kuna hatari ambayo muuzaji hatakuambia. Ya maji, iliyokwisha kupimwa, ndiyo rahisi. Angalia lebo iseme asilimia 40 au Baumé 42 hivi, yaani kipimo cha uzito wa kimiminika. Ya mabonge ya manjano-kahawia ina maji ndani yake tayari. Ukiyeyusha kilo 2 za mabonge hayo katika kilo 1 ya maji unapata karibu lita 2 za dawa ya asilimia 40. Ya tatu ni unga mkavu mweusi, usio na maji. Huo ukikutana na maji huchemka ghafla na kutoa mvuke wa haidrokloriki unaochoma macho na koo. Kwa karakana ya jamii msiununue, hata ukiwa nafuu. Kama ndio pekee uliopo, uyeyushwe nje, kijiko kwa kijiko, unga ukiingizwa kwenye maji mengi baridi. Kamwe maji yasimwagwe juu ya unga. Viwango vya yale mabonge pia havitumiki hapa, kwa kuwa unga huu una nguvu zaidi kwa kila kilo.

Wauzaji wa kutafuta ni wa kemikali za maabara, wa dawa za kusafishia maji, na maduka ya elektroniki, kwa kuwa mafundi wa bodi za saketi hutumia feriki hiyohiyo. Sitriki ni ileile ya watengeneza juisi na jemu.

Joto ni jambo ambalo maelekezo yaliyoandikwa Ulaya hayatakusaidia. Muda uliopimwa kwenye chumba cha nyuzi 18 huko Edinburgh hautafaa Dar es Salaam au Mombasa, ambako dawa inaweza kukaa kwenye nyuzi 30 mchana kutwa. Hapo inafanya kazi haraka zaidi, na asubuhi na alasiri hazilingani. Kwa dawa mpya na bamba la shaba, mstari wa kawaida kwa ujumla hutaka kati ya dakika 20 na 60. Akwatinti huanzia nusu dakika kwa kijivu hafifu, na nyeusi nzito huvuka dakika 10. Lakini msiandike namba hizo ukutani. Andikeni zenu. Kata kipande cha shaba cha sentimita 5 kwa 20, kipake kinga, ule utando unaozuia dawa isile pasipochorwa, chora mistari ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho, kitumbukize chote. Dakika 5 zikifika, kitoe, suuza, kausha, funika robo ya kwanza kwa kinga na urudishe. Fanya hivyo tena kwenye dakika 10, 20 na 40. Chapa kipande hicho, kitundike juu ya beseni pamoja na karatasi yenye joto la siku hiyo. Kila dawa inapobadilishwa, kipande kipya. Karakana yenye kipande hicho ukutani hupoteza mabamba machache mno.

Kipande hicho ni muhimu kwa sababu dawa ni nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea. Bamba likizama sentimita 2 hulioni tena. Ukitaka kujua limefika wapi, lazima ulitoe, ulisuuze, na upitishe ncha ya sindano kwenye mstari usikie kina chake. Kwa hiyo acha mkia wa selotepu pana nyuma ya bamba, urefu wa sentimita 10 kila upande, wa kulishusha na kulinyanyua bila kuzamisha vidole. Selotepu hiyohiyo, au plastiki ya kujalidia madaftari, hufunika mgongo wote wa bamba. Mgongo usiofunikwa hula dawa ya wenzako bure.

Yanayoharibika mara nyingi hayatokani na dawa. Madoa madogo ya mviringo yaliyotapakaa kwenye uwanja mtupu husababishwa na mafuta: kinga haikushika. Bamba lisafishwe kwa unga wa chaki na siki yenye chumvi kidogo, kisha lipitishwe chini ya bomba. Maji yakitandaa bila kukatika, lipo tayari. Yakijikusanya matone matone, rudia. Mistari inayong'oka kingo zake ni kinga iliyokauka kupita kiasi, au iliyopakwa nene. Mstari uliokulika nusu na nusu ukabaki ni alama ya kidole, au hewa iliyonasa wakati bamba linashushwa. Lishushe kwa mshazari, kisha litikise mara moja. Utando wa machungwa baada ya kutoa bamba ni feriki iliyobaki, na hapo watu hukosea kwa kukimbilia soda ya kufulia. Soda ikikutana na feriki hugandisha kutu papo hapo ndani ya mistari. Kwanza maji mengi kwa dakika nzima, kisha siki na chumvi, tena maji. Soda ije baadaye, ya kutoa kinga ya akriliki ikiwa mnatumia hiyo.

Na mtumie hiyo. Edinburgh ndiko pia kinga za akriliki zilikokuzwa miaka ya 1990, na mfumo mzima unakamilika zikitumika pamoja. Kinga ya zamani ya lami na nta ya nyuki inafanya kazi vizuri sana ndani ya dawa hii, sina ubishi nayo, ila hutolewa kwa vimumunyishaji vya petroli, na mvuke wake unarudisha ileile shida mliyoiondoa kwa kuacha nitriki. Akriliki hutolewa kwa soda ya kufulia, aina ileile inayochimbwa Ziwa Magadi, gramu 100 kwa lita ya maji ya uvuguvugu. Akwatinti ya kunyunyiza akriliki kwa bomba la hewa vilevile inaondoa sanduku la vumbi la utomvu wa msonobari, vumbi ambalo huchochea pumu na likiwa angani linaweza kulipuka likikuta cheche. Wino nao husafishwa kwa mafuta ya kupikia, halafu sabuni ya vyombo. Chumba kinabaki na harufu ya jikoni.

Ila neno "salama" lisimdanganye mtu. Feriki ikiingia jichoni huunguza, na kwenye ngozi huacha doa na muwasho. Glavu za naitraili, miwani ya kufunga, aproni ya plastiki, na bomba la maji karibu na beseni, si chumba cha pili. Jicho lisuuzwe dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali.

Kuhusu chumba, msimamo wangu ni mkali: dawa hii na mashine ya kuchapia visikae pamoja. Hata ikiwa na mfuniko, beseni hutoa mvuke kidogo wa haidrokloriki, hasa kwenye joto letu, na mvuke huo unatosha kuota kutu kwenye rola na meno ya gia baada ya miezi michache. Sinki la chuma kisichoshika kutu nalo halifai. Jina lake linadanganya, kwani kloraidi hulitoboa vitundu vidogo vidogo. Tumieni sinki la plastiki, mabomba ya PVC, koki za plastiki. Sakafu ya saruji huingia madoa ya manjano ambayo hayatoki tena, kwa hiyo beseni likae ndani ya trei kubwa yenye kina cha kupokea dawa yote likipasuka. Mfuniko usiwe wa hiari: bila mfuniko maji yanapungua, dawa inakuwa nzito na kasi yake inashuka, watu wanadhani imeisha. Chora mstari wa ujazo ubavuni mwa beseni, na maji yakishuka ongeza maji ya kawaida mpaka mstari.

Itadumu muda gani? Hesabu ipo. Lita moja ya feriki ya asilimia 40 ina uwezo wa kinadharia wa kuyeyusha gramu 111 za shaba, lakini ikifika nusu ya hapo inakuwa mzigo kuisubiri. Lita 8 basi zinakupa kama gramu 440 zenye kazi ya maana. Bamba la sentimita 20 kwa 30, likiliwa kwenye sehemu ya kumi ya uso wake kwa kina cha milimita 0.1, linapoteza gramu 5.4 hivi. Ni mabamba 80 kwa beseni. Mpenzi wa uwanja mpana ulioliwa kwa kina, anayekula nusu ya uso kwa milimita 0.3, anamaliza gramu 80 kwa bamba moja, yaani sehemu ya wenzake 15. Hapo ndipo karakana za wanachama hugombana. Dawa ya ugomvi huo ni daftari lililofungwa kwa kamba kando ya beseni: tarehe, ukubwa wa bamba, sehemu iliyoachwa wazi, dakika. Ada ya dawa itozwe kwa daftari hilo, sio sawa kwa wote. Dawa ikichoka utaijua pia kwa rangi: chovya kijiti cheupe cha plastiki, ikiwa mpya hutoka na kahawia-nyekundu, ikichoka hutoka na kijani cha zeituni.

Kuitupa kunahitaji mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina, na hili liamuliwe kabla ya kununua. Shaba iliyoyeyuka huua samaki na wadudu wa majini hata ikiwa kidogo, kwa hiyo isimwagwe kwenye mtaro wala chooni. Maelekezo mengi husema tia soda, subiri mashapo, mwaga maji. Kwa feriki tupu yanakaribia kutosha. Kwa mchanganyiko huu hayatoshi, kwa sababu ileile inayoufanya uwe mzuri: sitriki huishika shaba nayo, ikabaki ndani ya maji hata baada ya soda. Ukiona maji ya juu yana bluu au kijani, shaba bado imo.

Njia ninayoipendekeza huanza na chuma chakavu. Hamishia dawa kwenye pipa la plastiki lisilozidi nusu, nje, na utumbukize misumari na nyuzi za chuma. Shaba itajipaka juu ya chuma ikiwa unga mwekundu. Acha mfuniko umelegea, kwani gesi ya haidrojeni hutoka kidogo, na asikaribie mtu na sigara. Siku chache baadaye, shaba ikikoma kujipaka, toa chuma, kisha ongeza chokaa iliyokorogwa kwa maji, kidogo kidogo, ukipima kwa karatasi ya kupimia pH, yaani ukali wa asidi, mpaka kipimo kifike 8 au 9. Chokaa ni bora kuliko soda hapa: haitoi povu la kufurika, na kalisiamu yake huivuta sitriki chini pamoja na tope. Subiri wiki. Maji ya juu yakiwa hayana rangi, yaulizieni kwa mamlaka ya maji kabla ya kuyamwaga. Tope lichujwe kwa kitambaa, likaushwe, na likabidhiwe mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali cha mamlaka husika ya nchi yenu.

Kama hamna mtu wa kazi hiyo, au shaba ni ghali mno kwenu, usinunue dawa hii bado. Na usiitumie kwa zinki kwenye beseni la shaba: shaba iliyomo itajipaka juu ya zinki, beseni litachemka na bamba litaharibika. Kwa zinki na alumini kuna mrututu (salfeti ya shaba) na chumvi ya mezani, gramu 50 hadi 100 za kila kimoja kwa lita ya maji, zinki ikianzia chini na alumini ikipanda juu. Mrututu unauzwa na maduka ya pembejeo. Alumini hupatikana kwa wachapishaji wa magazeti kama mabamba yaliyokwisha kutumika, membamba lakini yanatosha mazoezi. Wakati linaliwa, bamba huota manyoya mekundu ya shaba; yafagie kwa brashi laini kila dakika moja au mbili, la sivyo yanazuia dawa. Maji yakipoteza bluu yake, yamekwisha. Mstari wake hautakuwa na ukali wa ule wa shaba, na uwanja ulioachwa wazi hutoka na chembechembe, kitu ambacho wengine hukitumia badala ya akwatinti.

Eneo letu si geni kwa kazi hii. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanza miaka ya 1970, ilikuwa na wachapaji wa mabamba ya kuliwa kwa asidi, George Lilanga akiwa mmoja wao. Kwa maoni yangu, woga wa beseni ni moja ya sababu zinazozifanya karakana mpya zibaki kwenye mbao na lino. Zinazotaka kuvuka hapo zianze na mrututu na mabamba ya magazeti kwa miezi ya mwanzo, watu wazoee kinga, kipande cha majaribio na daftari. Edinburgh Etch iingie baada ya hapo, beseni moja la lita 10, chumba chake peke yake, na jina la msimamizi wa taka likiwa limeandikwa mlangoni.